YouTube Studio kwa mzazi asiye na saa tatu mfululizo: inapofaa na inapokwamisha

Mzazi mwenye watoto wadogo hapati saa tatu za kukaa na video. Ana dakika ishirini kabla gari la shule halijafika, robo saa wakati wali umepaliwa mkaa, na saa moja usiku watoto wakishalala, kama hakuna mwenye homa. Ndiyo maana programu ya kuendeshea chaneli tunaipima kwanza kwa swali moja: kazi ikiachwa katikati, utaikuta ilipo au utaanza upya? Mengine yote, rangi na michoro ya takwimu, yanakuja baadaye.

YouTube Studio ni ya bure na ina sura mbili. Ipo programu ya simu, na ipo tovuti ya studio.youtube.com inayofunguliwa kwenye kompyuta. Wengi huijua ya simu tu, wakadhani wameshaiona yote, kumbe zana zinazomwokoa mzazi zaidi ziko kwenye tovuti. Asiye na kompyuta anaweza kuifungua kwa Chrome ya simu akichagua mwonekano wa kompyuta. Maandishi yanakuwa madogo na vidole vinakosea kitufe, lakini kazi inafanyika. Katika tathmini hii tumechukua mfano wa chaneli ya mapishi ya nyumbani: video moja ya dakika 6 kwa wiki, na video fupi mbili za wima (Shorts).

Tuanze na mzigo wenyewe, kwa sababu hapo ndipo bando na usiku vinapoishia. iPhone ikirekodi kwa ubora wa picha wa 1080p na fremu 30 kwa sekunde, kwa mpangilio wake wa kubana faili, hutumia takribani MB 60 kwa dakika. Ukiipandisha kuwa 4K, ubora wa juu zaidi, kwa fremu zile zile, inakuwa takribani MB 170. YouTube yenyewe hupendekeza faili la 1080p lipandishwe kwa megabiti 8 kwa sekunde, nalo hilo ni MB 60 kwa dakika. Video ya dakika 6 basi ina MB 360 hivi. Kwa intaneti inayopandisha kwa megabiti 2 kwa sekunde, hizo ni dakika 24 kama hakuna kinachoyumba. Ile ile kwa 4K inapita GB 1, na inakula zaidi ya saa nzima. Mtazamaji wa sufuria ya mchuzi wa samaki kwenye simu haoni tofauti ya maana. Rekodi kwa 1080p, fremu 30, na unapotoa video kwenye programu ya kuhariri chagua hivyo hivyo. Kumbuka pia kupima kasi ya kupandisha, si ya kushusha. Mitandao mingi ya nyumbani hushusha haraka na kupandisha kwa kusuasua.

Kwenye programu ya YouTube ya simu, ndani ya mipangilio ya kuokoa data, kuna swichi ya kupandisha kwa Wi-Fi tu. Iwashe. Bila hiyo, Wi-Fi ikikatika saa tano usiku simu huhamia kwenye bando kimyakimya, na asubuhi ujumbe wa kwanza kuuona ni wa salio kuisha.

Sasa lile swali letu la kazi kukatika. Kwenye kompyuta, Studio inafaulu vizuri. Video ikianza kupanda, inakaa kwenye orodha ya maudhui kama rasimu ya faragha, na kichwa ulichoandika nusu kinabaki. Mtandao ukikatika, ukirudi siku hiyo hiyo na kuchagua faili lile lile huendelea ilipofikia. Sharti ni kwamba faili lisiguswe: ukilitoa upya kwenye programu ya kuhariri, hata kwa kubadilisha sekunde moja, kwa YouTube hilo ni faili jingine. Kwenye simu hali ni dhaifu zaidi. Mfumo wa kuokoa betri wa simu nyingi za Android huweza kuizima programu iliyo nyuma ya skrini, na upandishaji unafia hapo. Iondoe YouTube kwenye orodha ya programu zinazobanwa na betri, uchomeke chaja, ndipo uilaze simu.

Rasimu za video fupi ni jambo jingine kabisa, na limewaumiza wengi. Fupi uliyoitengeneza ndani ya programu ya YouTube na kuihifadhi kama rasimu ipo kwenye simu hiyo tu. Haipo kwenye akaunti. Ukiifuta programu ili upate nafasi, au mtoto akiifuta kwa kubonyezabonyeza, rasimu zimekwenda. Zihifadhi kwanza kwenye matunzio ya picha.

Kuna mpangilio mmoja ambao kwa mzazi tungeuweka mbele ya yote, nao uko kwenye tovuti peke yake: mipangilio chaguo-msingi ya upakiaji (Upload defaults). Fungua mipangilio, ingia kwenye sehemu ya upakiaji, andika mara moja maelezo yanayojirudia kila wiki: mstari wa kuitambulisha chaneli, namba ya biashara kama ipo, viungo vya kurasa nyingine, lugha ya video. Kisha pale pa mwonekano chagua faragha. Kuanzia hapo kila video mpya unayoipandisha kwenye tovuti inaingia ikiwa imefungwa; zinazopandishwa kwa programu ya simu hazifuati mpangilio huu. Mtoto akilia katikati ukaiacha kompyuta juu ya meza, au ukagusa kitufe cha mwisho kwa bahati mbaya, hakuna kinachokwenda hadharani. Maelezo yale yaliyojaa tayari hukuokolea dakika tano kwa kila video, na kwa mtu mwenye dakika ishirini hiyo ni robo ya kazi.

Kupangia muda ndiyo nguvu kubwa ya Studio. Unakaa Jumamosi, unapandisha video tatu, unaipa kila moja siku na saa yake, na wiki nzima chaneli inatembea wakati wewe uko kwenye kikao cha wazazi. Mpaka saa yake ifike video inabaki faragha. Lakini hapa kuna mtego wa watu wetu hasa. Saa mbili usiku ni 20:00, si 2:00. Kichwa kinasema mbili, kidole kinaandika mbili, na video iliyolengwa kwa watu waliokwisha kula inatoka saa nane usiku wamelala. Weka simu na kompyuta kwenye mfumo wa saa 24, ujizoeze kujumlisha: saa moja usiku 19:00, saa mbili 20:00, saa tatu 21:00. Baada ya kuhifadhi, rudi kwenye orodha ya maudhui usome tarehe na saa zilivyoandikwa.

Acha nafasi kati ya kupandisha na kutoka. YouTube huandaa kwanza sura ya ubora wa chini, ya juu inafuata baadaye. Video iliyopandishwa saa mbili kasorobo na kupangiwa saa mbili kamili inaweza kuwafikia watazamaji wa mwanzo ikiwa na ukungu, na hao ndio wapenzi wako wa karibu. Ipandishe usiku wa kuamkia siku hiyo. Usizitoe zote siku moja pia, kwani YouTube haimtumii mfuatiliaji arifa zaidi ya 3 za video mpya za chaneli moja ndani ya saa 24. Na ukiona chaguo la onyesho la kwanza lenye gumzo la moja kwa moja, lipite. Linakutaka uwepo saa hiyo hiyo ukijibu watu, na saa mbili usiku nyumbani kwako kuna anayetafuta sare ya kesho.

Tuje kwenye swali linaloulizwa katika kila video: imetengenezwa kwa ajili ya watoto au la? Lilianza kuwa la lazima Januari 2020, baada ya Google na YouTube kukubali mwaka 2019 kulipa dola milioni 170 kumaliza shauri la Marekani kuhusu kukusanya taarifa za watoto. Wazazi wengi hulijibu kwa kuangalia nani yumo ndani ya video. Sivyo. Linauliza video imelengwa kwa nani. Mtoto wako akionekana anakanda unga pembeni yako katika somo la chapati kwa watu wazima, video hiyo si ya watoto. Wimbo wa kuhesabu wenye vibonzo, ambao hauna mtoto hata mmoja ndani yake, ni wa watoto.

Jibu lina gharama pande zote mbili. Ukiitia alama ya watoto, maoni yanafungwa, matangazo yanayomfuata mtu kwa tabia zake yanaondoka na kipato kinaweza kushuka, skrini ya mwisho na kadi, vile vibandiko vya kumpeleka mtazamaji kwenye video nyingine, hazionekani, na mtazamaji hawezi kuihifadhi kwenye orodha yake. Mpishi aliyetia alama hiyo kwa kudhani inamaanisha video salama kwa watoto hushangaa hapati komenti hata moja, akadhani watu wamemsusa. Ukiiacha bila alama ilhali kweli ni ya watoto, YouTube inaweza kuitia yenyewe, na sheria ya Marekani inakuhusu wewe mwenye chaneli. Mpangilio unaweza kuwekwa kwa chaneli nzima. Kwa chaneli ya mapishi weka kwamba si ya watoto, kisha badilisha kwa video moja moja inapobidi.

Zana iliyotuvutia kuliko zote ni ya kutia ukungu, nayo ipo kwenye tovuti tu. Chukua hali hii. Video ya pilau imekaa hadharani siku mbili. Mtu mmoja anaandika kwamba kwenye dakika ya nne mtoto anapita nyuma, sare ya shule mwilini, na nembo ya shule inasomeka. Kufuta na kupandisha upya kunapoteza kiungo, watazamaji na maoni, na YouTube hairuhusu kubadilisha faili ndani ya kiungo kile kile. Fanya hivi. Kwanza irudishe video kuwa faragha, kwani sura ya zamani itaendelea kuonekana mpaka mpya iwe tayari. Fungua video hiyo kwenye orodha ya maudhui, ingia kwenye kihariri, chagua ukungu. Kwa uso, chagua ukungu wa nyuso. Studio inaikagua video, kisha inakuonyesha nyuso ilizozikuta, nawe unagusa ya mtoto. Kwa nembo, chagua ukungu wa kuchora mwenyewe: buruta kisanduku juu ya kifua, kifanye kikubwa kuliko nembo, kisha vuta ncha zake kwenye mstari wa muda zianze kabla mtoto hajatokea na ziishie baada ya kupita. Kisanduku hufuata mwendo.

Hapo ndipo makosa huanza. Mtoto akipita nyuma ya mtungi wa gesi na kutokea upande wa pili, kisanduku hukwama kwenye mtungi na nembo inabaki wazi kwa nusu sekunde, na nusu sekunde inatosha mtu kuisimamisha. Weka visanduku viwili, kimoja kabla ya mtungi na kimoja baada yake. Itazame sehemu hiyo kwa kasi ya chini kabla ya kuhifadhi. Kuhifadhi kunaweza kuchukua saa kadhaa, na muda huo huwezi kuhariri kingine kwenye video hiyo. Ikiisha, kiungo ni kile kile na komenti zimebaki. Jambo la kujua mapema: video iliyopita mara 100,000 za kutazamwa, kwa chaneli ambayo haijaingia kwenye mpango wa washirika (ule wa kugawana mapato na YouTube), inaweza kukataa mabadiliko ya kihariri isipokuwa ukungu wa nyuso. Nembo ya shule si uso. Kwa hiyo ukaguzi wa sare, namba ya nyumba na picha ya cheti ukutani ufanyike wakati video bado iko faragha.

Kihariri hicho hicho kinatibu tatizo la televisheni ya sebuleni. Katuni ikiimba nyuma yako, au jirani akifungulia muziki, mfumo wa hakimiliki hutambua wimbo hata ukiwa chini ya sauti yako. Kwenye kompyuta, hatua ya ukaguzi wakati wa kupakia hukuambia kabla video haijatoka. Taarifa ya namna hii huitwa dai, nalo si onyo la hakimiliki. Mara nyingi mapato yanakwenda kwa mwenye wimbo, au video inazuiwa katika baadhi ya nchi. Onyo ni jambo zito, na 3 zikikusanyika ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufungwa. Kwa dai, Studio inakupa njia tatu: kukata kipande, kubadilisha wimbo, au kunyamazisha wimbo. Ya kunyamazisha ndiyo inayotamaniwa na ndiyo inayoangusha, kwani sauti yako ikiwa imechanganyika na katuni, mfumo huchelewa kuzitenganisha au hushindwa, na maneno yako yanatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Zima televisheni. Hakuna zana inayoshinda kitufe hicho.

Kwenye maoni, Studio inasaidia kuliko inavyosifiwa. Sehemu ya usimamizi wa maoni ina orodha ya maneno yanayozuiwa. Komenti yenye neno hilo haionekani mpaka uipitishe. Usiishie kwenye matusi. Andika humo jina la mtoto, jina la shule yake, la mtaa, na la utani linalojulikana na ndugu. Shangazi akiandika kwa upendo, “Mwambie fulani wa shule fulani namsalimia,” salamu inakusubiri wewe kwanza. Matusi nayo uyaandike kwa tahajia za simu, yenye herufi zilizorukwa na namba ndani yake. Washa pia kuzuia viungo vya kurasa (linki). Usishangae ukikuta maoni yamefungwa kwenye video ambayo mtoto ndiye anayeonekana zaidi: tangu Februari 2019 YouTube hufunga maoni kwenye video nyingi za namna hiyo, na hakuna kitufe chako cha kulazimisha yafunguke. Matangazo ya moja kwa moja nayo, tangu Julai 2025, umri wa chini wa kurusha peke yako ni miaka 16.

Hatari kubwa zaidi ya siku hadi siku haimo ndani ya Studio, ni simu moja inayotumika na nyumba nzima. Ukimpa mtoto simu aangalie katuni huku akaunti iliyo wazi ni ya chaneli, kila anachokipenda na kukiandika kinatoka kwa jina la chaneli. Herufi tano za ovyo chini ya video ya mtu, zikiwa na nembo yako, zinaonekana na wote. Mwekee YouTube Kids, au akaunti nyingine isiyo ya chaneli, na kwenye Android tumia kubandika programu ili asitoke bila namba ya siri. Mwenzi au mdogo wako akikusaidia, usimpe nywila. Kwenye tovuti, sehemu ya ruhusa, mwalike kwa barua pepe yake. Cheo cha mhariri kinatosha kwa anayepandisha na kupangia muda. Kuna cha mhariri asiyeona mapato, na cha kutazama tu. Cha msimamizi mpe yule tu unayemwachia nyumba.

Programu ya simu inabaki na kazi gani basi? Kujibu komenti ukiwa kwenye foleni ya kliniki, kurekebisha kichwa kilichokosewa, kubadilisha picha ya kava. Picha hiyo iwe pikseli 1280 kwa 720, chini ya MB 2, na namba ya simu iwe imethibitishwa kwenye akaunti, la sivyo kitufe chake hukipati na video ya zaidi ya dakika 15 haipandi. Arifa za takwimu zizime. Idadi ya watazamaji ya saa moja iliyopita haikuambii la kufanya, na kuichungulia kunakula zile dakika ishirini. Kwenye tovuti, takwimu za hadhira zina mchoro wa saa ambazo watazamaji wako huwa YouTube. Utazame mara moja kwa mwezi, upange saa ya kutoa, basi.

Kuhusu pesa, sehemu ya mapato inaonyesha wazi ulipofika. Mgawo wa matangazo hufunguka ukiwa na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au mara milioni 10 za video fupi ndani ya siku 90. Muda unaotazamwa kwenye mkondo wa fupi hauhesabiwi kwenye zile saa 4,000, na wanaopandisha fupi tupu huligundua hili wamechelewa. Jaza fomu ya kodi ya Marekani mara tu inapotokea, hata kama hujawahi kukanyaga huko. Bila fomu hiyo wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote.

Salio likifika dola 10, namba ya siri ya kuthibitisha anwani hutumwa kwa posta. Malipo yenyewe huanza dola 100. Hapa anwani ya kubuni haifai. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, kisha Sanduku la Posta na namba yake, mji, nchi. Kama huna sanduku, omba la ofisi au la mzee wa familia kabla hujafika dola 10. Barua huchukua wiki 2 hadi 4, nawe una miezi 4 ya kuingiza namba kabla matangazo hayajasimamishwa. Waeleze wenye sanduku wanachokisubiri: ni kikaratasi kidogo cheupe kilichokunjwa, hakina hata bahasha, na hujificha kirahisi kati ya bili ya maji na magazeti.